Wadudu wa kijitoni na metali nzito: jibu kwa jumuiya ya watumia maji iliyo chini ya mialo

Swali: Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji mkoani Geita. Kijito chetu kinapita chini ya mialo ya kuchenjulia dhahabu na makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) kadhaa. Tulipeleka chupa mbili za maji maabara, majibu yakaja kwamba yako ndani ya viwango. Lakini wazee wanasema kaa na wadudu wa chini ya mawe hawaonekani tena kama zamani, na watoto wanavua kambare humohumo. Nimesikia viumbe wa majini wanaweza kutumika kupima metali. Ni viumbe gani, tufanyeje, na majibu yake yana uzito gani mbele ya wahusika?

Jibu: Ndugu Katibu,

Karatasi ya maabara na macho ya wazee havipingani. Chupa ya maji inaeleza maji yaliyopita dakika ile ilipojazwa. Mwalo hautiririshi kwa kiasi kilekile saa zote: kuna siku ya kuosha magunia, kuna siku ya kukamua zebaki, kuna mvua ya usiku inayosomba marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu, yaliyorundikwa kando ya kijito. Ukichota Jumanne asubuhi, umepata Jumanne asubuhi basi. Zaidi ya hapo, zebaki na risasi husafiri kwa wingi zikiwa zimeshikamana na chembe za tope. Maabara ikichuja maji kwa kichujio cha mikromita 0.45 kabla ya kupima, kama ilivyo kawaida wanapotafuta metali iliyoyeyuka, sehemu kubwa ya mzigo hubaki kwenye kichujio.

Kabla hujafanya lolote, itoe tena ile karatasi uisome kwa mambo mawili. La kwanza ni uwezo wa mashine. Ikiwa mbele ya zebaki pameandikwa "chini ya 0.01 mg/L", jibu hilo halikusaidii: kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa ni 0.006 mg/L, kwa hiyo mashine ile isingeona hata kama kikomo kimevukwa. La pili ni viwango vya nani. Shaba inaruhusiwa hadi 2 mg/L katika maji ya kunywa ya binadamu, lakini mwongozo wa Marekani wa kulinda viumbe wa mtoni kwa muda mrefu, katika maji yenye ugumu (kiasi cha kalisi na magnesiamu) wa 100 mg/L, uko karibu na 0.009 mg/L. Tofauti inazidi mara 200. Maji yanaweza kumfaa mtu na yakamuua mdudu.

Sasa viumbe. Wanajibu maswali mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. Swali la kwanza ni nani anaishi hapa na nani ametoweka. Hilo linajibiwa kwa kuhesabu, na jumuiya yenu inaweza kulifanya yenyewe. Swali la pili ni nini kimo mwilini mwa wale waliobaki. Hilo linahitaji maabara. Ushauri wangu ni myafanye yote mawili, na sababu yake ni tope. Uchimbaji humwaga udongo mwingi mtoni, na udongo mtupu usio na metali hata kidogo hufunika mawe, huziba matamvua na kufukuza wadudu walewale wanaofukuzwa na shaba au kadimiamu. Ukienda na hesabu peke yake, mtu yeyote atakujibu kwamba ni tope tu, na atakuwa na hoja. Ukienda na vipimo vya mwilini peke yake, atasema metali imo, lakini imemdhuru nani? Ushahidi hukaa pale majibu mawili yanapokutana.

Kuhesabu: nani yupo, nani hayupo

Watafute wadudu watatu kwanza. Wote wanaishi chini ya mawe kwenye maji yanayokimbia, na utawaona kwa macho au kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10.

Wa kwanza ni nimfu, yaani mdudu mchanga wa majini ambaye bado hajaota mabawa, wa familia ya Heptageniidae. Ana mwili bapa kama amekandamizwa kwenye jiwe, macho yako juu ya kichwa badala ya pembeni, matamvua kama majani madogo yamejipanga ubavuni mwa tumbo, na mikia mitatu mirefu. Ukiligeuza jiwe, yeye huteleza haraka kwenda upande wa chini, tena kwa ubavu. Huyu ndiye wa kumkodolea macho kuliko wote, kwa sababu kundi lake ni miongoni mwa wa kwanza kupotea metali inapoongezeka. Metali kama shaba na kadimiamu huvuruga kazi ya matamvua ya kufyonza chumvi kutoka majini, na mdudu anayepoteza sodiamu hadumu. Kuna fumbo lililowasumbua watafiti kwa muda: nimfu wa aina hii wakiwekwa maabara kwenye maji yenye metali kwa saa 96, mara nyingi hawafi, ilhali mtoni kwenye kiwango cha chini zaidi hawaonekani. Ufumbuzi ni kwamba mtoni sumu nyingi huingia kwa chakula, yaani utando wa mwani anaoukwangua juu ya mawe, na wanaoathirika zaidi ni wale wachanga wadogo kabisa, ambao majaribio mengi hayakuwatumia. Ndiyo maana nashauri uangalie pia utando wenyewe na usiishie kwenye maji.

Wa pili ni Perlidae. Ana mikia miwili, rangi ya manjano na madoa meusi, na vifundo vya matamvua kama nyuzi kwapani mwa miguu. Katika vijito vya Afrika Mashariki hutamwona kila mahali, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakuna maana ikiwa hata juu ya mialo hayupo.

Wa tatu ni lava (mdudu mchanga mwenye umbo la funza) wa Hydropsychidae, mfuma wavu. Mgongoni, nyuma ya kichwa, ana vipande vitatu vigumu vya rangi ya kahawia. Chini ya tumbo ana matamvua yenye matawi. Na mwisho wa mwili ana vishungi viwili vya nywele. Hufuma wavu mdogo kati ya mawe na kunasa chembe zinazopita. Huyu anavumilia metali kuliko wenzake, na uvumilivu huo ndio utakaotufaa baadaye.

Kwa upande wa pili wako wanaobaki hata hali ikiharibika: minyoo, na lava wekundu wa Chironomidae wanaofanana na vijinyoo. Kituo chenye hao peke yao kina tatizo, lakini hawakuambii ni tatizo gani.

Konokono wanakuambia kitu cha ziada, na huko kwenu kwenye mashamba ya pamba ni muhimu. Dawa za wadudu zinazopuliziwa pamba zikiingia mtoni huua wadudu na kaa, lakini konokono na minyoo hubaki. Shaba haimwachi konokono. Salfeti ya shaba iliwahi kutumika kuua konokono wa kichocho. Kwa hiyo ukikuta wadudu wamekwisha na konokono wamejaa, ulizia kwanza mashamba kabla ya kunyooshea mialo kidole.

Vituo

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kabla hata mtu hajalowa miguu. Chagueni vituo viwili juu ya mialo, na vitatu chini: kimoja mita 100 hivi chini ya mahali maji ya mwalo yanapoingia, kingine kilomita 1, kingine kilomita 4 au 5. Ongezeni viwili vingine nje ya hapo. Kimoja kiwe kwenye kijito jirani kisicho na uchimbaji lakini kinachopita kwenye miamba ya aina ileile, kwa sababu miamba ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa ina aseniki ya asili na mtu atawaambia, kwa haki, kwamba aseniki ilikuwepo kabla ya mwalo. Cha pili kiwe kituo cha tope tupu: mahali ng'ombe wanaponyweshwa na kuvuruga maji kila siku, pasipo mgodi juu yake. Hicho ndicho kitakachotenganisha tope na metali. Ikiwa Heptageniidae wanapungua kwenye birika la ng'ombe lakini bado wapo, na chini ya mwalo hawapo kabisa kwa tope la kiasi hichohicho, mmeanza kupata jibu.

Vituo vyote viwe vya aina moja: mawe ya ukubwa wa ngumi hadi kichwa, maji yanayokimbia, kina cha sentimita 10 hadi 30. Msilinganishe mkondo wa mawe na dimbwi. Kila kituo pimeni pH, joto, upitishaji umeme na uwazi wa maji, na mkadirie asilimia ya chini ya kijito iliyofunikwa na tope laini. Kipimo cha pH kirekebishwe asubuhi ileile kwa vimiminika vya 4 na 7, kisiporekebishwa, kisitumike.

Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, Agosti hadi katikati ya Septemba, kabla ya vuli. Maji ni machache, mawe yanafikika, na wadudu wamekaa muda wa kutosha kuandika historia ya miezi. Ikinyesha mvua kubwa ya kufurika, ngojeni wiki 4 hadi 6. Mafuriko husomba wadudu kila mahali, na utadhani sumu imepita.

Namna ya kukusanya

Tengenezeni fremu ya mbao ya sentimita 30 kwa 30 na wavu wa nailoni wenye matundu ya nusu milimita. Msitumie chandarua. Matundu yake yanazidi milimita 1 na wachanga wote watapita, na chandarua chenye dawa ni sumu kwa wadudu mnaotaka wafike nyumbani wakiwa hai. Fremu isiwe ya chuma chenye rangi ya zinki, na msisuuzie vifaa kwa maji yaliyokingwa kwenye paa la bati: zinki hutoka humo na itaonekana kwenye majibu.

Katika kila kituo chukueni sehemu 5. Anzeni upande wa chini wa kituo mkipanda juu, ili msivuruge mahali mnapokwenda. Wekeni mdomo wa wavu ukiangalia maji yanakotoka, inueni kila jiwe lililo mbele ya wavu ndani ya eneo la fremu, mlisugue kwa mikono mbele ya mdomo wa wavu, kisha chokoeni chini kwa kijiti hadi sentimita 5 hivi kwa dakika 1 kamili. Dakika ileile, mtu yuleyule ikiwezekana, vituo vyote. Mwageni kwenye beseni jeupe.

Wadudu wa kuhesabiwa wahifadhiwe kwenye spiriti ya asilimia 80, na ibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu na wanaanza kuoza. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi na kutiwa ndani ya chupa. Wino wa kalamu hufutika kwenye spiriti, na chupa isiyo na lebo ni ya kutupa.

Kwa kutoa alama, Tanzania ina mfumo wake, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na kujengwa juu ya SASS5 wa Afrika Kusini. Kila familia ina alama, unajumlisha, unagawa kwa idadi ya familia. Utumieni, maana ofisa wa Bodi ya Maji ya Bonde atauelewa. Lakini alama hizo zimetungwa kwa ubora wa maji kwa jumla, hazikulenga metali peke yake. Kwa swali lenu, namba mbili zitasema zaidi: aina ngapi za Heptageniidae na ndugu zao wenye matamvua ya tumboni zipo kila kituo, na Heptageniidae wangapi wamo katika kila fremu.

Usalama: kuweni na gambuti na glovu ndefu za mpira. Kanda ya Ziwa ina kichocho, na kusugua mawe mikono mitupu ni kujitafutia. Mkikuta samaki wanaelea wamekufa, tokeni majini. Inaweza kuwa saianaidi kutoka kwenye matangi ya marudio. Saianaidi huua haraka na huvunjikavunjika, haijikusanyi mwilini mwa viumbe kama metali, kwa hiyo njia hii yote ninayoieleza haitaikamata. Tukio la namna hiyo linatakiwa kutolewa taarifa siku ileile, na maji yachotwe saa ileile.

Kupima kilichomo mwilini

Kama ningetakiwa kuchagua mnyama mmoja tu, ni mfuma wavu. Hahami, anakula kinachopita na kilichoshikamana na mawe, anaishi majini kwa miezi, na bado yupo mahali pachafu ambako wengine wamekwisha. Huko Montana, Marekani, kwenye mto Clark Fork uliochafuliwa na marudio ya migodi ya shaba ya Butte na mabaki ya kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Anaconda, watafiti wa serikali wamekuwa wakipima shaba na kadimiamu kwenye lava wa familia hii tangu miaka ya 1980, na rekodi hiyo inaonyesha mwaka kwa mwaka kama usafishaji unafanya kazi. Kwenye mto Arkansas, Colorado, mitambo ya kusafisha maji ya migodi ya Leadville ilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, metali zilishuka na Heptageniidae wakarudi taratibu. Mito miwili, njia mbili: mmoja ulipimwa mwilini, mwingine kwa hesabu.

Kusanyeni lava wakubwa tu, milimita 10 hadi 15. Kiasi cha metali kwa gramu hubadilika na ukubwa, kwa hiyo wakubwa wa kituo kimoja wasilinganishwe na wadogo wa kingine. Msichanganye jamii: tazameni madoa ya kichwani na mtenge kwa madoa, hata kama hamjui majina. Lava mmoja akikaushwa hubaki miligramu chache, na maabara nyingi zitataka kama miligramu 100, kwa hiyo sampuli moja ni lava 25 hadi 30 waliowekwa pamoja. Tengenezeni sampuli 5 kwa kituo.

Kwa nini 5? Ukichukua 3 juu na 3 chini, uwezekano wa zote za chini kuzidi zote za juu kwa bahati tupu ni 1 kati ya 20. Kwa 5 na 5 ni 1 kati ya 252. Fedha zikibana, punguzeni vituo kabla ya kupunguza sampuli.

Kwa kazi hii anzeni kituo safi cha juu na mmalizie kichafu, ili uchafu usisafiri kwenye vifaa. Kibano kiwe cha plastiki. Chupa zilowekwe kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10 kwa siku nzima, kisha zisuuzwe kwa maji ya maabara yasiyo na ioni. Maji ya betri ya dukani hayafai kwa suuzo la mwisho.

Halafu linakuja jambo linaloharibu sampuli nyingi kuliko lolote: utumbo. Lava wa chini ya mwalo ana tumbo lililojaa tope lenyewe. Akisagwa hivyo, mnapima tope lililopita tumboni na kuliita mwili wa mdudu. Waacheni wajisaidie kwa saa 24 kwenye maji ya kituo safi yaliyochujwa, kivulini, yakibadilishwa kila baada ya saa 6. Msitumie maji ya bomba, yana klorini. Lava hawa ni wagomvi na hung'atana wakikosa mahali pa kujishikiza, kwa hiyo wekeni wachache kwa kila chupa na vipande vya wavu wa plastiki ndani. Saa 24 zikiisha, watoeni. Wakikaa sana wanaanza kupoteza shaba na zinki ya mwilini, na mnapima pungufu.

Baada ya hapo wagandishwe. Spiriti hapana: metali huvuja kutoka mwilini kwenda kwenye spiriti. Tumieni chupa ngumu yenye mfuniko wa kubana, maana mvuke wa zebaki hupenya plastiki nyembamba. Kwa sababu hiyohiyo msihifadhi sampuli kwenye friji ya nyumba au duka linalochomea dhahabu, hata kama ndiyo friji pekee yenye umeme wa uhakika mtaani. Hewa ya chumba hicho ina zebaki.

Kila kituo chukueni pia vijiko vichache vya tope laini, lipitishwe kwenye ungo wa nailoni wa mikromita 63, likaushwe na kupimwa. Tope na mdudu vikipanda pamoja, hoja inaimarika. Tope likiwa juu na mdudu yuko chini, metali ipo lakini imefungwa kwa namna ambayo haiingii mwilini kwa urahisi, na hiyo ni habari njema kiasi.

Maabara

Kabla ya kukusanya, pigeni simu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi Mwanza, na kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Dodoma, mwulize kama wanapima tishu za wanyama. Kupima mwamba ni kazi nyingine. Ulizeni mambo haya: watayeyusha kwa asidi ya naitriki na peroksidi? Zebaki itapimwa peke yake, kwenye tishu ambayo haikukaushwa kwa joto zaidi ya nyuzi 60? Watapima pamoja na sampuli zetu tishu ya rejea yenye kiwango kinachojulikana, kama DORM au TORT za Baraza la Utafiti la Kanada, na wataonyesha walipata asilimia ngapi ya kiwango hicho? Kati ya 80 na 120 inakubalika. Pelekeni pia chupa tupu iliyopita njia yote iliyopita na chupa nyingine, toka mtoni hadi friji. Ikionyesha zinki, mjue zinki yenu si ya mtoni.

Majibu yasomwe kwa uzito mkavu wote au mbichi wote. Nyama ya samaki ni takribani asilimia 80 maji, hivyo namba ya uzito mkavu huwa kama mara 5 ya ile ya mbichi. Kosa hili limewahi kuzua taharuki isiyo na sababu, na mahali pengine kuficha hatari ya kweli.

Kwa nini kaa na samaki si wa kwanza

Kaa wa mtoni, Potamonautes, ni mkubwa, anajulikana, na huko Afrika Kusini ametumika kupima metali. Lakini damu yake hubeba oksijeni kwa protini yenye shaba, kwa hiyo shaba nyingi mwilini mwake ni yake ya kawaida. Kwa kadimiamu na risasi anafaa. Kwa shaba atakudanganya. Samaki naye hudhibiti shaba na zinki, na anahama: kambare uliyemvua chini ya mwalo huenda alikuwa dimbwi jingine mwezi uliopita.

Kuna swali moja tu ambalo kambare ndiye wa kulijibu, nalo ni la watoto wanaomla. Zebaki ya mwalo ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, na hii hupanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo hadi kambare mkubwa, ikiongezeka kila ngazi. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa karibu safi na samaki akawa na zebaki. Chukueni kambare 8 hadi 10 wa urefu unaokaribiana, tuseme sentimita 30 hadi 40, kwa kuwa samaki mrefu ni mzee na mzee ana zebaki zaidi hata mto ukiwa ni uleule. Pimeni urefu wa kila mmoja, kateni gramu 20 za nyama ya mgongoni bila ngozi, mgandishe kila mmoja peke yake. Kikomo kinachotumika sana ni miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo ya nyama mbichi. Majibu yakisubiriwa, tahadhari ya bure ni kwamba wajawazito na watoto wale samaki wadogo wanaokula mwani, kama perege, waache kambare wakubwa wa kijito hicho.

Ikiwa chini ya mwalo hamna mdudu hata mmoja

Hapo mtahamisha. Chukueni kome au konokono kutoka juu ya kijito hichohicho, wa ukubwa mmoja, 20 hadi 30 kwa kizimba cha plastiki chenye matundu, na mfunge vizimba vitatu juu na vitatu chini kwa wiki 4. Vya juu ni lazima, vinaonyesha kama kizimba chenyewe ndicho kinachowaua. Msilete wanyama kutoka kijito kingine. Mnaweza kuhamisha konokono wa kichocho pamoja nao. Vizimba vifungwe mahali pasipoonekana toka njiani, na mvitembelee kila wiki kuondoa tope na majani. Kuvumwani wa kwenye mawe, yaani kimea kidogo cha kijani kinachotanda kama zulia, akifungwa kwenye mfuko wa wavu, hufanya kazi hiyohiyo na haibiwi. Ulaya njia hiyo imetumika sana.

Uzito wa majibu

Hakuna kiwango cha kisheria cha shaba au kadimiamu kwenye mwili wa mdudu, na msijaribu kubuni kimoja. Nguvu yenu iko kwenye mpangilio: metali ni nyingi mara tu baada ya mialo, kisha inapungua kadiri mnavyokwenda mbali, huku kijito jirani na birika la ng'ombe vikibaki vya kawaida, na Heptageniidae wakipotea na kurudi kwa mpangilio uleule. Mpangilio huo hauonyeshi ni mwalo wa nani kati ya mialo iliyopakana. Kwa hilo mtahitaji vituo kati ya mwalo na mwalo.

Mwalikeni ofisa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria awepo siku ya kukusanya, na mwarifu NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) kwa barua kabla, si baada. Kila chupa iwe na namba, tarehe, saa, alama za GPS, na saini ya aliyeikabidhi na aliyeipokea, kila inapobadilisha mikono. Wenye mialo nao waitwe washuhudie vituo vikichaguliwa. Ni vigumu kupinga kituo ulichokikubali mwenyewe. Na kila sampuli ikusanywe maradufu, kisha igawanywe mara mbili kabla ya kusafiri. Nusu iende maabara, nusu ibaki imegandishwa kwenye friji ya zahanati au shule, imefungwa kwa lakiri, ili siku majibu yakibishiwa kuwe na kitu cha kupima upya.

Kwa msimu huu, mkianza na vituo vitano vya kijito chenu na viwili vya kulinganishia kwa hesabu, halafu mkapeleka maabara vitatu tu, yaani cha juu kabisa, cha mita 100 chini na cha kilomita 1, sampuli 5 za mfuma wavu kila kimoja pamoja na chupa tupu, mtakuwa na sampuli 16 za kulipia. Tope na kambare ni nyongeza. Zikipatikana fedha, anzeni na kambare.